Picha za Mtaani na Maisha ya Mjini Baada ya Vita: Harlem ya Roy DeCarava na Wenzake

Makala hii inahusu picha zilizopigwa katika mitaa ya Harlem, jijini New York, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Yamkini msomaji wa jarida linaloshughulikia Kiswahili atajiuliza Harlem imeingiaje humu. Tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba picha ya mtaani haisemi peke yake, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Husemeshwa na kichwa cha habari kilicho juu yake, na maelezo yaliyo chini yake, na mpangilio wa kurasa, na wakati mwingine na sauti ya msimulizi aliyebuniwa. Hayo yote ni mambo ya lugha, na mwanaisimu ana haki ya kuyachunguza. Sababu ya pili ni neno moja la Kibantu lililovuka bahari mwaka 1963, ambalo tutalifikia kwa wakati wake.

Kwa kawaida, historia ya upigaji picha wa mtaani baada ya vita huanzia kwa Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye kitabu chake cha mwaka 1952 kilifundisha kizazi kizima kuvizia nukta moja ya wakati. Au huanzia kwa Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi aliyezunguka Marekani kwa gari mwaka 1955 na 1956, kisha akachapisha picha 83 jijini Paris mwaka 1958. Kazi za mabwana hawa ni kubwa na hatukusudii kuzipunguzia heshima. Hata hivyo wote wawili walifanya kazi kama wapita njia. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kupiga, kwa shughuli nyingi: tunapiga picha, tunapiga risasi, tunapiga hodi. Mpita njia mwenye kamera hapigi hodi, kwa kuwa ustadi wake wote umo katika kutokuonekana. Swali letu ni nini hutokea mtaa unapopigwa picha na mtu aliyezaliwa humo, ambaye kesho atakutana dukani na hao hao aliowapiga picha leo.

Mtaa uliokuwa baraza

Harlem iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Manhattan. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ilipokea Wamarekani Weusi waliohama majimbo ya kusini wakikimbia ubaguzi na umaskini wa mashambani, pamoja na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Sifa yake ya miaka ya 1920, yaani ya washairi na wanamuziki, inajulikana. Sifa ya miaka ya vita haiimbwi sana. Mwezi wa Agosti 1943 polisi Mzungu alimpiga risasi mwanajeshi Mweusi katika hoteli moja ya Harlem. Mwanajeshi alijeruhiwa tu, lakini habari ikaenea kwamba amekufa, na fujo zilizofuata ziliua watu 6.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, wanajeshi Weusi walirudi katika jiji ambalo sehemu zake nyingi hazikutaka kuwapangisha nyumba. Mfano ulio wazi ni Stuyvesant Town, mtaa mkubwa wa nyumba mpya uliofunguliwa mwaka 1947 kusini zaidi ya Manhattan. Ulijengwa na kampuni ya bima ya Metropolitan Life kwa msaada wa serikali ya jiji, na ukakataa wapangaji Weusi, wakiwamo waliotoka kupigana vita. Basi watu wakabaki Harlem, wakagawana vyumba ambavyo vilikuwa vimekwisha kugawanywa, na kulipa kodi kubwa kwa nafasi ndogo. Nyumba inapokuwa na joto na watu wamesongamana, maisha huhamia nje. Ngazi zilizo mbele ya nyumba zilifanya kazi ambayo baraza hufanya katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki: hapo watu walipokea wageni, walisuka nywele, walisengenya, waliwalea watoto na kuombolezea wafu. Kwa hiyo aliyepiga picha mtaani Harlem alikuwa akipiga picha sebuleni kwa watu. Bila kuelewa jambo hilo, mtu hawezi kuona uzito wa ugomvi uliofuata.

Picha 21 za gazeti la Life

Waliotangulia kupiga picha Harlem kwa nia ya kuzungumzia hali ya jamii walikuwa wanachama wa Photo League, chama cha wapiga picha kilichoanzishwa New York mwaka 1936. Kikundi chao kimoja, chini ya uongozi wa Aaron Siskind, kilifanya kazi Harlem kwa miaka kadhaa kabla ya Marekani kuingia vitani, na baadhi ya picha zake zilichapishwa katika gazeti la Look mwezi wa Mei 1940. Nia ya vijana hao ilikuwa njema: waliamini kwamba umma ukiona dhiki utadai dhiki iondolewe. Lakini waliokaa Harlem waliona kwamba mtaa wao umegeuzwa kuwa ugonjwa, na wao wenyewe dalili zake. Chama hicho hakikudumu. Desemba 1947 Mwanasheria Mkuu wa Marekani alikiingiza katika orodha ya vyama vilivyoshukiwa kuwa na uhusiano na ukomunisti, wanachama wakaogopa kupoteza kazi, na mwaka 1951 kikavunjwa. Serikali haiviogopi vitu visivyo na maana. Picha ya mtoto anayecheza kwenye lami ilikuwa imekwisha kuonekana kuwa ni hoja ya kisiasa.

Mfano wa pili unafundisha zaidi, maana mpiga picha wake alikuwa Mweusi. Gordon Parks, mzaliwa wa Kansas mwaka 1912, alikwenda Harlem mwaka 1948 kwa ajili ya gazeti la Life. Alimfuata kwa majuma kadhaa kijana wa miaka 17 aliyeongoza genge la mtaani, akapata imani yake, akaingia nyumbani kwao. Alirudi na mamia ya picha, na ndani yake mlikuwamo kijana mwenye mama na jamaa, mwenye vicheko na uchovu wa kawaida. Wahariri walichagua picha 21. Toleo la tarehe 1 Novemba 1948 lilijaa mapigano, hofu na maiti. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la sanaa la New Orleans liliandaa maonyesho yaliyolinganisha picha zote za Parks na kurasa zilizochapishwa. Ikaonekana jinsi picha zilivyokatwa kingo na nyingine kutiwa giza ili mtaa utishe zaidi ya ulivyotisha.

Na tukitazame kichwa cha habari. Tukikitafsiri, kilisema: Kiongozi wa Genge la Harlem. Ni nomino tatu tu, hakuna kitenzi, na kwa hiyo hakuna kinachoweza kukanushwa. Jina la mtaa wenye mamia ya maelfu ya watu limefungwa na neno genge kwa kiunganishi kidogo cha umilikaji, na katika lugha yao hata kiunganishi hicho hakipo, maneno yameachwa yasimame tu bega kwa bega. Msomaji wa mbali hakuambiwa kwamba Harlem yote ni genge. Alipewa sarufi itakayomfanya aseme hivyo mwenyewe. Sisi wa Kongo, ambao picha za miji yetu zimechapishwa kote duniani kwa zaidi ya miaka 30 na maelezo yaliyoandikwa katika ofisi ambazo hatuzijui, hatuhitaji kuelezwa kirefu namna sarufi hiyo inavyofanya kazi.

Mchoraji aliyeshika kamera

Roy DeCarava alizaliwa Harlem tarehe 9 Desemba 1919, akalelewa na mama peke yake, mhamiaji kutoka Jamaika. Mwaka 1938 aliingia chuo cha Cooper Union kusomea uchoraji, akakiacha baada ya miaka 2 kwa ajili ya ubaguzi alioukuta humo, akaendelea na masomo katika kituo cha sanaa cha Harlem yenyewe. Kamera aliishika kwanza kama mchoraji anavyoshika daftari, ili ajiwekee kumbukumbu za michoro atakayoifanya baadaye. Kabla ya miaka ya 1940 kwisha, daftari lilikuwa limeimeza kazi yenyewe.

Mwaka 1952 alipewa ruzuku ya Guggenheim ya dola 3,200, akiwa mpiga picha wa kwanza Mweusi kuipata. Katika ombi lake alieleza kwamba angependa kupiga picha Harlem kupitia watu wasiojulikana na wasio na majina makubwa, na kwamba hakusudii kutoa ripoti ya kisosiolojia bali kazi ya sanaa. Aliongeza kwamba, kwa imani yake, ni mpiga picha Mweusi tu awezaye kuwafasiri watu wake kwa undani huo.

Dai hilo la mwisho limerudiwa mara nyingi na wafuasi wake, nasi tunaona halina budi kupimwa. Parks alikuwa Mweusi, aliingia hata nyumbani kwa watu, na bado meza ya wahariri ilimshinda. Kwa upande mwingine, Helen Levitt, mwanamke Mzungu wa Brooklyn, alipiga picha na filamu za watoto wa East Harlem katika miaka hiyo hiyo ya 1940, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba aliwadhalilisha. Rangi ya ngozi ya mpiga picha ilisaidia kufungua milango, na hilo si dogo. Ila kilichoamua maana ya picha ni nani anayeshika ukurasa: nani anachagua, nani anakata kingo, nani anaandika maneno. Tukimsoma DeCarava kwa matendo yake zaidi ya kwa tamko lake, tutaona kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo, kwani maisha yake yote alipigania ukurasa.

Zitazamwe picha zenyewe. Katika ile iitwayo Graduation, ya mwaka 1949, msichana amevaa gauni jeupe refu la sherehe ya kumaliza shule. Yuko peke yake kando ya barabara. Nyuma yake ni kiwanja kitupu chenye takataka, na ukutani kuna tangazo kubwa la motokaa aina ya Chevrolet. Amesimama penye mwanga wa jua, na hatua inayofuata itamtia katika kivuli kizito cha jengo. Mhariri wa gazeti angeweza kuandika chini ya picha hiyo sentensi kumi juu ya ndoto na umaskini. DeCarava aliandika jina la sherehe, mji na mwaka. Ndiyo desturi yake katika karibu kazi zake zote: nomino, mahali, tarehe. Vivumishi havimo. Mtazamaji akitaka kivumishi itambidi akitafute katika picha, na akikitafuta atagundua kwamba msichana amenyoosha mgongo, na kwamba gauni limepigwa pasi vizuri sana. Kuna mtu nyumbani aliyekesha akilishughulikia gauni hilo. Huyo hatumwoni, lakini picha ni yake pia.

Katika Hallway, ya mwaka 1953, hamna mtu kabisa. Ni ujia mwembamba wa ndani ya nyumba ya kupangisha, kuta zimekaribiana, taa moja hafifu. DeCarava alieleza baadaye kwamba ndizo njia alizopita utotoni, zilizojengwa kwa bei nafuu kwa ajili ya watu maskini. Tukiulizwa ni picha gani moja inayosema zaidi juu ya makazi ya mji ule baada ya vita tutaitaja hii, ingawa haikupigwa barabarani. Upana wa ule ujia ni uamuzi wa mwenye nyumba. Mtu mmoja alikaa na rula akapima ni nafasi ndogo kiasi gani binadamu anaweza kupita na bado akalipa kodi. Picha inaonyesha matokeo ya rula ile, na wakati huo huo ule mwanga hafifu unapendeza ajabu, kama nyumba yoyote inavyopendeza kwa mtoto aliyekulia humo. Mambo hayo mawili hayapatanishwi. Yameachwa yakae pamoja ukutani.

Ipo pia ile ya mwaka 1952 ya mtu mzima anayepanda ngazi kutoka katika treni ya chini ya ardhi baada ya kazi, uso umechoka, mwili mzito. Harlem ilikuwa inalala Harlem lakini inafanya kazi kwingine: jikoni kwa watu, kwenye lifti, bandarini, viwandani. Mtu wa ngazini anarudi kutoka katika jiji ambalo linahitaji mikono yake na halitaki kumpangisha chumba. Na ipo Sun and Shade, ya mwaka huo huo, watoto wawili wakionekana kutoka juu, wanacheza kwa bunduki za bandia, mmoja juani, mwingine kivulini. Mpaka wa nuru umepita katikati yao kama ukuta. Mtu anaweza kuisoma kuwa ni habari ya ubaguzi wa rangi. Anaweza pia kuiacha iwe habari ya watoto wawili na jua la kiangazi. Haionekani kwamba DeCarava alitaka tuchague.

Juu ya giza hilo tunapaswa kusema neno. DeCarava hakutumia taa ya flashi. Alitosheka na mwanga aliokuta, hata uwe wa taa moja ya ngazini, na katika chumba cha kusafishia picha alichapa kwa rangi za kijivu kizito zinazokaribiana sana, hata mtazamaji analazimika kusimama na kusubiri jicho lizoee, kama mtu aingiaye ndani akitoka juani. Wapo waliomlaumu kwamba picha zake hazionekani. Lakini katika magazeti ya siku zile weusi wa picha ulitumika kuashiria hatari, na tumeona jinsi Life walivyouongeza kwa makusudi. DeCarava aliufanyia kazi nyingine. Kiswahili kinasaidia hapa, kwani neno letu kivuli lina maana ya umbo la giza linalomfuata mtu, na lina maana ya mahali pa kupumzikia chini ya mwembe. Giza la DeCarava ni kivuli kwa maana zote mbili, na mara nyingi zaidi kwa ile ya pili.

Bibi na ulimbo wake

Picha zilikuwapo, wachapishaji hawakuzitaka. Mwaka 1954 DeCarava alizipeleka kwa mshairi Langston Hughes, mkazi wa Harlem, naye akazipenda na kuzitafutia mchapishaji. Kampuni ya Simon & Schuster ilikubali kwa sharti moja: Hughes aandike maneno. Hivyo basi hata katika kitabu hiki, ambacho leo kinahesabiwa kuwa ushindi wa picha, mlango ulifunguliwa na maneno.

Kitabu kilitoka mwaka 1955, na kinaitwa The Sweet Flypaper of Life. Ni mwaka ule ule ambapo Edward Steichen alifungua maonyesho makubwa ya The Family of Man katika jumba la MoMA, picha 503 kutoka nchi 68, zikiwamo za DeCarava. Pale wanadamu wote walikuwa familia moja na hakuna aliyeulizwa kodi ya nyumba. Kitabu cha Harlem kilikuwa kinyume chake kwa kila hali. Kilikuwa kidogo, cha kutia mfukoni, chenye jalada laini na bei ya chini ili hata waliopigwa picha waweze kukinunua. Simulizi huanza pale pale juu ya jalada, kana kwamba msemaji hawezi kungoja mtu afungue.

Msemaji huyo ni bibi mzee aliyebuniwa na Hughes, Dada Mary Bradley, naye hasemi Kiingereza cha shule. Anasema kama wanavyosema Harlem: sentensi hazikomi panapotarajiwa, kitenzi kinafanya kinavyotaka, habari ya mjukuu mmoja inaingia katika ya mwingine. Mbinguni wamemwita naye anakataa kwenda, kwa kuwa ana mambo mengi ya kutazama duniani. Anawatambulisha watu wa picha mmoja mmoja kama jamaa zake. Kwa njia hiyo Hughes alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika maandishi ya magazeti juu ya Harlem: maelezo ya picha yanatoka kinywani mwa mtu ambaye angeweza kuwa ndani ya picha. Kurasa za mwisho zinatoka nyumbani na kuingia barabarani, kwenye waandamanaji wenye mabango na wahutubu wa pembeni mwa njia, ambao miongoni mwa mengine wanahubiri habari za Afrika.

Jina la kitabu linatia taabu katika kutafsiri. Kwa neno neno ni karatasi ya kunasia nzi, iliyo tamu, ya maisha, na kwa Kiswahili hilo ni kichekesho. Tunapendekeza Ulimbo Mtamu wa Maisha. Ulimbo ni utomvu wa kunatia ndege, kila aliyekulia kijijini anaufahamu, na ndani ya neno hilo mna kunasa, mna subira ya mtegaji, na mna ndege anayekuja mwenyewe. Kinachokosekana ni mji, kwa sababu ile karatasi huning'inia jikoni, katika nyumba iliyojaa watu na inzi. Tafsiri yetu inamrudisha bibi shambani, na yeye alikwisha kuliacha shamba zamani. Wanafunzi wa tafsiri wanaweza kuendelea kubishana.

Tuna neno la lawama pia. Bibi wa Hughes ni mcheshi mno kwa baadhi ya picha. Mna nyuso humo zenye huzuni nzito, na maneno yake yanazipita juu juu kwa mzaha. Ni sauti ya upendo, lakini inamtuliza msomaji Mzungu wa mwaka 1955 kuliko DeCarava alivyokuwa anakusudia kumtuliza. Miaka iliyofuata DeCarava alitengeneza kitabu kingine, The Sound I Saw, juu ya mtaa na muziki wa jazi, akakiandikia maneno yeye mwenyewe. Hakikupata mchapishaji hadi mwaka 2001.

Kamoinge

Mwaka 1963 vikundi viwili vidogo vya wapiga picha Weusi wa New York viliungana. Wengi wao walikuwa vijana waliofungiwa milango ya magazeti makubwa, wakakutana nyumbani kwa zamu, wakatundika picha ukutani na kukosoana bila huruma. DeCarava akawa mkurugenzi wao wa kwanza. Walihitaji jina, wakalipata katika kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, cha mwaka 1938, utafiti wake juu ya Wagikuyu. Wakajiita Kamoinge Workshop, wakieleza kwamba neno hilo maana yake ni kundi la watu wanaotenda pamoja. Mwaka ule ule, tarehe 12 Desemba, Kenya ikapata uhuru.

Kwa mwanafunzi wa lugha za Kibantu neno hilo ni zawadi. Katika Kigikuyu, kamũingĩ lina shina -ingĩ, ambalo ni lile lile -ingi letu la wengi na nyingi. Mũingĩ ni umma, halaiki. Kiambishi ka- kinaufanya umma huo kuwa mdogo. Kwa hiyo ni kaumma, ikiwa tunaweza kusema hivyo, na Wagikuyu wana methali isemayo kwamba kikundi kama hicho ndicho kinachoinua kinu. Kiswahili sanifu kimeliacha ka- lilegee. Hutumia ki- kwa udogo, na ka- linapotokea mara nyingi lina harufu ya dharau. Katika Kiswahili cha Lubumbashi ka- ni hai na lina tu- lake: kanyumba na tunyumba, katoto na tutoto, na hapo udogo unaweza kubeba mapenzi pamoja na dharau, mradi msikilizaji ajue sauti. Vijana wa New York hawakujua chochote juu ya ngeli za Kibantu, na h wala tahajia yao ya Kigikuyu si sahihi. Walichokichagua, hata hivyo, kilifaa: udogo usio unyonge.

Julai 1964 polisi alimwua kijana Mweusi wa miaka 15, na Harlem ikawaka moto tena kwa siku kadhaa. Magazeti yakatuma wapiga picha wa fujo. Wanachama wa Kamoinge walikuwa tayari huko, wakiendelea kupiga picha za wanaofua nguo, wanaosubiri basi, wanaoketi ngazini. Louis Draper, aliyehamia New York kutoka Richmond, Virginia, alipiga picha mtaa kwa ukimya unaokaribia wa DeCarava, ila yeye alipenda zaidi ishara ndogo: mkono, kofia, kamba ya nguo. Mwaka 1966 jarida la Uswisi liitwalo Camera lilichapisha picha zao za Harlem. Ikawa rahisi zaidi kwao kuonekana Ulaya kuliko katika jiji lao.

Januari 1969 jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan lilifungua maonyesho yaitwayo Harlem on My Mind. Kwa mara ya kwanza jumba hilo la watu wenye vyeo liliipa Harlem kumbi zake, na likazijaza picha zilizokuzwa kupita kimo cha mtu, pamoja na sauti zilizorekodiwa. Mchoraji au mchongaji mmoja wa Harlem hakutundikiwa kazi yake. Yaani picha ziliingizwa zikiwa vielelezo, kama vile mtu anavyoweka mikuki na vyungu katika jumba la ethnografia. Tuwe waadilifu: maonyesho hayo ndiyo yaliyomtambulisha kwa umma James Van Der Zee, mpiga picha wa studio aliyekwisha kuwa mzee na maskini, na hilo ni jema. Lakini DeCarava alikataa kushiriki. Alisimama nje ya jengo pamoja na waandamanaji, ameshika bango. Miaka 17 baada ya kuandika kwamba hataki kazi yake iwe ripoti ya kisosiolojia, alikuwa bado anaeleza jambo lile lile, safari hii barabarani.

Wanakikundi walichukua njia nyingine, wakaushika ukurasa wao wenyewe. Mwaka 1972 walimpokea Ming Smith, mwanamke wa kwanza kati yao. Mwaka 1973 likatoka toleo la kwanza la The Black Photographers Annual, ambalo Beuford Smith, mmoja wao, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Dibaji iliandikwa na Toni Morrison. Yalitoka matoleo manne hadi mwaka 1980. Ndani yake picha zimepangwa na watu wanaozijua, nyingi zina jina fupi tu au hazina kabisa, na kurasa nyeupe zimeachwa pembeni bila maneno.

DeCarava alifundisha katika chuo cha Hunter tangu mwaka 1975, akafariki tarehe 27 Oktoba 2009. Draper alikuwa ametangulia mwaka 2002. Mwaka 2015 jumba la makumbusho la Richmond, mji alikozaliwa, lilinunua hazina yake yote ya picha na negativu pamoja na hati za Kamoinge alizozihifadhi, na mwaka 2020 likaandaa maonyesho juu yake na kikundi chake, ambayo baadaye yalipelekwa New York. Kikundi chenyewe hakijavunjika.